Jina Nililolitangaza kwa Spika

Jumamosi, alasiri. Joto la kukausha mate. Mawingu yamekaa upande wa Yatta tangu asubuhi, meusi kabisa, na hayana nia yoyote ya kunyesha. Ndengu zimeota zikasimama hapo hapo. Nimefungua madirisha yote ya nyumba na hakuna upepo unaoingia, ni nzi tu.

Mahubiri ya kesho hayajaandikwa hata mstari. Badala yake naandika hapa mtandaoni, ambapo hakuna mshirika wangu anayesoma, au ndivyo ninavyojidanganya. Majina ya watu nimeyabadilisha. Langu nimeliacha, Musyoka, kwa sababu limo ndani ya haya mambo na siwezi kulitoa. Na kuna jina moja ambalo sitaliandika kabisa. Ni la mtoto wa miezi minne niliyembatiza mwenyewe, mbele ya kanisa zima. Nimeliandika hapa juu mara mbili na mara zote mbili nimelifuta.

Mchungaji wa Presibiteri, mtu mzima mwenye mvi, naogopa jina la mtoto mchanga.

Wacha nianzie mbali kidogo, ndiyo nijielewe mwenyewe.

Mtoto ni wa Mutheu. Mutheu anauza mitumba hapa Kwa Vonza, mume wake yuko Mombasa kikazi na huja Krismasi. Kabla ya huyu mtoto alikuwa amezika watatu. Nilipohamishiwa hapa nilikuta makaburi mawili, na ibada ya la tatu niliisoma mimi. Ni vilima vidogo nyuma ya jikoni lao. Ukienda kwao kunywa chai unaviona, kwa hivyo wageni wote tumejifunza kukaa tukiangalia barabara.

Alipozaliwa huyu wa nne, mama mkwe wake Mutheu hakungoja mtu. Sisi wote tunamwita Susu, yaani nyanya, hata mimi. Susu akafanya kile wazee wetu Wakamba walifanya. Kwetu, mama aliyezika watoto mfululizo akijaliwa mwingine hampi jina tamu. Anamwita Mbiti, yaani fisi. Alfajiri moja mtoto hupelekwa njiani akalazwa chini, kama ametupwa, halafu jirani anapita "kwa bahati" na kumwokota: jamani, nimeokota cha fisi. Anarudishwa nyumbani akiwa si wa mtu tena. Kifo kikipita kutafuta mtoto wa Mutheu, hakimpati. Kinapata kitu cha fisi, kinaenda zake.

Mutheu na Susu walifanya hivyo, na mtoto akafika miezi minne akiwa mnene wa kubanwa mashavu. Halafu sisi watu wa kanisa tukaingia.

Wapresibiteri tuko wachache huku. Ukimwambia Mkamba wewe ni Mpresibiteri atakuuliza kama umeoa Mkikuyu, maana kanisa hili hujulikana kuwa lao. Lakini kwa utaratibu hatuchezewi. Tunabatiza watoto wachanga, na kabla ya maji mzazi hufunzwa, mzee wa kanisa wa mtaa wake humtolea ushuhuda, kisha kikao cha wazee kinakaa na kupitisha. Mutheu alikuwa ameleta majina mawili, la Biblia kwanza, halafu Mbiti. Karani wa kikao chetu ni Mzee Kilonzo, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Akasema mtoto wa agano hawezi kuletwa mbele za Mungu kwa jina la mla mizoga. Wazee wakacheka. Mimi nikacheka pia. Tukakubaliana lile la Biblia linatosha.

Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu, na haikuwa ya mafundisho.

Musyoka ni "aliyerudi." Kwetu Matiliku, kule Makueni, mama yangu alipoteza kijana wake wa kwanza, halafu nikaja mimi, nikapewa jina hilo. Nimekua nikiwa mtu aliyerudi mahali ambapo sijawahi kuwa. Shangazi zangu walikuwa wakiniangalia masikio, wakiguna. Kuna siku mama alikuwa akinipakulia muthokoi, anasimama tu na mwiko hewani, ananiangalia zaidi ya vile mama anavyoangalia mtoto. Nilijua si mimi anayemwangalia. Mtoto wa miaka sita hujua hayo mambo.

Kwa hivyo nilitaka huyu mtoto wa Mutheu awe na jina safi, lake peke yake, lisilo na mkono wa kifo juu yake. Nilidhani namfanyia hisani.

Na Jumapili yenyewe nililitangaza. Kanisa letu lina spika mbili ndani, na nje kuna moja ya pembe imefungwa juu ya nguzo, imeelekezwa sokoni. Wazee waliinunua ili neno liwafikie wale wanaoshinda sokoni Jumapili. Nikamchukua mtoto, nikauliza anaitwa nani. Mutheu alijibu chini chini, hata sauti haikufika benchi la kwanza. Mimi nikalirudia kwa kipaza sauti, kwa kifua chote. Halafu nikalirudia tena, kwa sababu lilikuwa jina zuri na nilikuwa nimefurahi. Lilienda likagonga mabati ya posho mill likarudi. Susu, pale alipokuwa amekaa, alifunga macho.

Wiki iliyofuata mtoto akaanza kukohoa. Jumamosi iliyopita wakampeleka hospitali mjini Kitui, akawekewa oksijeni. Nimonia.

Watoto hukohoa. Huu ni msimu wa vumbi, kila nyumba hapa ina mtoto anayekohoa. Nilijiambia hivyo Jumamosi, nikajiambia tena Jumapili nikiwa kwa mimbari, na nikaona washirika wawili watatu wakiniangalia na hawaangalii Biblia zao.

Jumatatu Susu akaja kwangu. Alikuja kwa miguu na kikapu chake, kyondo, akakataa kiti, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Nilitarajia maneno makali. Hakuwa nayo.

"Mwana wakwa, mwanangu, sikuja kugombana na wewe," akasema. "Ulimtaja kwa spika. Watu wa sokoni walisikia. Sasa hata yule mwingine amesikia."

Hakusema yule mwingine ni nani, wala sikuuliza.

Nikamhubiria. Eh, nilimhubiria vizuri sana. Mistari ilikuja yenyewe, ya Agano la Kale na Jipya, juu ya Mungu anayetujua kabla hatujazaliwa. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, halafu akajifuta uso na leso.

"Hayo nayajua. Nimeokoka kabla wewe hujazaliwa. Mimi na Mungu tunaelewana, sina shida na yeye. Ni wewe uliyemtoa mtoto mafichoni, na ni wewe utamrudisha. Nenda umwite jina lake."

Nikamwambia nitaongea na wazee. Ni jibu la mwoga, na ni jibu la Kipresibiteri. Jumanne kikao kikakaa. Mzee Kilonzo akasema ubatizo haufutwi wala haurudiwi, na hakuna kitu cha kujadili. Nilitoka pale nikiwa nimepumua. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kutofanya kitu.

Jumatano asubuhi nikaenda hospitali kumwombea mgonjwa, kama ninavyowaombea wote. Wodi ilikuwa imejaa. Mutheu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, na nikagundua kitu ambacho kimekaa kwangu hadi leo. Hamwiti mtoto jina lolote. Si lile langu, si Mbiti. Anasema "huyu." Huyu amelala sasa. Huyu amekataa kunyonya. Nilipomwuliza, alinijibu akiwa anakunja blanketi, bila kuniangalia: anaogopa kukosea.

Mtoto alikuwa na ule mrija puani. Kifua kinaingia ndani kila akivuta pumzi, kinaingia sana, hadi mbavu zinaonekana zote. Susu alisimama upande wa pili wa kitanda. Hakuniomba kitu. Alinitazama tu.

Niliinama sikioni mwa mtoto nikasema, "Mbiti." Nikasema tena, "Mbiti wa Mutheu." Susu akatikisa kichwa kwamba bado. Nikaelewa anachongoja. Nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Huyu ni wa fisi."

Nikiwa na kola shingoni. Nesi wa kitanda cha jirani aligeuka.

Baadaye niliomba pia, sala ya kawaida. Ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuomba kwa mgonjwa, na Amina yake niliisema nikiwa tayari nimeshika kofia ya pikipiki.

Alhamisi nilikuwa na ibada ya kina mama Zombe, ambako tuna kanisa dogo la mabati, washirika wachache, na njia ndefu ya vumbi. Kabla sijaanza ibada simu ikaita. Mutheu. Homa imeshuka, huyu amenyonya. Niliweka simu mfukoni nikaingia karibu mbio. Nilihubiri siku hiyo kama mtu aliyelipwa.

Baada ya ibada mama mmoja akabaki nyuma. Simjui, si mshirika wetu. Alikuwa na mtoto mgongoni, mdogo, wa wiki chache, na alizungukazunguka maneno kwanza, habari za mvua, habari za barabara. Halafu akauliza kama ni mimi yule pasta wa majina.

Habari ilikuwa imetoka Kitui hadi Zombe kabla yangu, na mimi nina pikipiki.

Alitaka nimpe mtoto wake jina ambalo halitatafutwa. Nilimkemea. Nilimwambia mimi si mganga, aende amtumaini Mungu. Nilisema kwa ile sauti ya juu ya mtu mwenye makosa. Alimfunga tu mtoto vizuri mgongoni akaenda, na hadi sasa sijui alikuwa amezika wangapi.

Wakati wa kurudi pikipiki ilipata moto, nikasimama ipoe. Ilikuwa adhuhuri, jua katikati ya kichwa. Hakuna nyumba pale, hakuna mtu, ni vichaka vya miiba na barabara nyeupe. Nikasikia mtu ananiita. Musyoka. Si kwa nguvu, ni vile mtu anakuita akiwa jikoni na wewe uko uani.

Nikageuka. Hakuna mtu.

Mama alitufundisha tukiwa wadogo, usiitike jina lako kabla hujamwona anayekuita. Mimi nimewafundisha vijana wa kanisa kwamba huo ni ushirikina. Nimewafundisha kwa semina, kwa ubao na chaki. Alhamisi mchana nilisimama barabarani na mdomo umefungwa, nimeushika kwa mkono. Niliwasha pikipiki ikiwa bado ina moto, na nusura niiue injini.

Inawezekana lilikuwa joto. Inawezekana kulikuwa na mchunga mbuzi mahali, na ni nani Ukambani ambaye haitwi Musyoka? Tuko wengi kama mawe. Nimejieleza hivyo mara nyingi, na kila mara maelezo yanakubalika, halafu napita kwa korido ya nyumba yangu naharakisha.

Kavata, mke wangu, ni mwalimu wa hesabu na mambo yake hunyooka. Nilimwambia yote Alhamisi jioni tukila. Akauliza dawa ya mtoto ilibadilishwa lini. Nikasema Mutheu aliniambia daktari alibadilisha Jumanne. "Na wewe ulienda Jumatano," akasema. "Basi. Kula."

Nikala. Yuko sawa. Nilitaka sana awe ameshamaliza, lakini tulipokuwa tunatoa vyombo akasimama na sahani mkononi akaniuliza, kwa upole, kama nina uhakika kwamba ni dawa, mbona sina raha?

Jana nilimpigia mama Matiliku. Sasa amezeeka, ukimpigia lazima kwanza umweleze wewe ni nani kati ya watoto. Nikamwuliza kitu ambacho miaka yote hii sikuwahi kuuliza. Nilimwuliza aliponipa jina hili alikuwa anafikiria nini.

 Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha aibu.

"Nilikuwa namwita yeye," akasema. "Ukaitika wewe."

Akaendelea na habari za kuku wake. Mimi nilikaa kwenye kiti nikisikia habari za kuku, na machozi yakawa yanashuka, na sikutaka asikie. Hakuwa ameniumiza kwa makusudi. Anasema ukweli tu, na siku hizi uzee umemwondolea kile kifuniko. Tena alisema kwa upendo. Nafikiri alisema kwa upendo.

Na leo asubuhi mtoto ametoka hospitali. Wamepita hapa kwangu wakielekea nyumbani, Mutheu, Susu na "huyu," amefungwa blanketi mbili kwa joto hili. Bado ni mgonjwa. Ukimwekea sikio kifuani unasikia mluzi mwembamba. Daktari amesema arudishwe haraka homa ikirudi. Lakini alinishika kidole na kukivuta, na ana nguvu, jameni.

Mutheu ameomba kesho wamtolee Mungu shukrani. Hapa kwetu familia huja mbele, mchungaji anambeba mtoto, anamtaja jina mbele ya kanisa na kuomba. Ni desturi ya kila mtu anayetoka hospitali, siwezi kuiruka bila watu wote kuuliza kwa nini.

Kwa hivyo kesho lazima niseme jina.

Susu alibaki nyuma kidogo wenzake wakitoka. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Usilitaje, akaniomba. Mtaje Mbiti, au usimtaje kabisa, omba tu. Amezika watatu, na anasema hana nguvu za kukaa karibu na shimo la nne. Ukilitaja, nitasimama nitoke na mtoto wangu. Hakuwa ananitisha. Mikono yake ilikuwa baridi, kwenye joto hili.

Nikamwambia nimesikia. Na nilipomwona akienda na kyondo chake nilikuwa nimeshaamua. Ningeomba tu bila jina. Wazee wangenuna, wangenung'unika, yangeisha.

Sasa, haijapita saa moja, Mzee Kilonzo akaingia getini.

Alikuwa ameshasikia habari za wodi, bila shaka. Nilimpeleka nyuma karibu na tangi la maji, ambapo kuna kivuli, nikajiandaa kwa barua ya kunishtaki kwa presibiteri, baraza lililo juu yetu. Hakuwa na barua. Alivua kofia, akaishika tumboni, akasema hakuja kunishtaki mahali popote. Alikuwa na swali moja tu.

"Kama jina zuri ndilo linaloita kifo," akasema, "wale watatu wa kwanza waliuawa na nani?"

Akaigeuza kofia mikononi.

"Walikuwa na majina mazuri, wote watatu. Nimeyaandika mwenyewe kwenye daftari la kanisa, kwa mkono wangu. Nani aliwapa?"

Mutheu. Mutheu ndiye aliyewapa. 

"Ukimficha huyu kesho, mama yake atajua mchungaji wake anaamini nini. Hutamwambia kwa mdomo, lakini ataelewa. Atakaa pale jikoni akiangalia vile vilima na kujua ni yeye aliyewaita wafe. Mimi sijali habari ya fisi, Mchungaji. Nilicheka siku ile, na nilikosea kucheka. Lakini hilo siwezi kukubali mtu abebe."

Akavaa kofia yake. Nilidhani amemaliza. Akaangalia tangi.

"Unajua kwa nini mke wangu anaitwa Mama Nduku?"

Nimemwita huyo mama Mama Nduku tangu nihamie hapa. Soko zima linamwita hivyo. Watoto wa Mzee Kilonzo nawajua wote, wana wa kiume, wakubwa, wamesambaa Nairobi na Machakos. Sijawahi kuuliza Nduku ni nani.

"Alikuwa wa kwanza. Aliishi mwezi mmoja," akasema. "Tunamtaja kila siku, na hatujaogopa."

Aliondoka pole pole kwa sababu ya goti lake. Nilikaa pale kwenye tangi hadi kivuli kikahama na jua likanipata miguuni.

Wote wawili wanampenda yule mtoto. Ndiyo inayonimaliza. Ingekuwa mmoja wao ni mjinga au ana roho mbaya ningejua la kufanya. Nikilitaja na homa ikirudi wiki ijayo, Susu atanikuta kila mahali hadi nife, hata akiwa yeye ameshakufa. Nisipolitaja, ninamwekea Mutheu makaburi matatu mabegani, yeye ambaye hadi leo anashindwa hata kumwita mwanawe.

Nikafikiria sana. Nikaona Mzee Kilonzo ana haki. Mtoto akipona au asipopona ni mikononi mwa Mungu na mwa madaktari, na kama siamini hata hilo basi nirudishe kola. Lakini yale ambayo Mutheu ataamini kuhusu wale watatu yako mikononi mwangu, kesho, kwa dakika mbili tatu. Kwa hivyo nitalitaja. Niliinuka nikiwa nimeamua, na nikahisi wepesi ambao sijausikia wiki nzima.

Nikaenda kanisani, niko hatua chache tu, ili nifanye mazoezi. Wachungaji tunafanya mazoezi, msidanganywe.

Kulikuwa kimya na moto. Mabati yalikuwa yanalia lia kwa jua. Nikasimama pale ninaposimama kila Jumapili, nikainua mikono kama mtu aliyebeba mtoto. Nilijiona mjinga lakini nikaiacha juu. Nikamwona Mutheu mbele yangu, vile atakavyokuwa, amevaa ile sketi yake ya bluu, ananiangalia mdomo. Nikavuta pumzi nilitaje.

Kabla mdomo haujafunguka, shingo yangu iligeuka.

Sikuiambia igeuke. Iligeuka yenyewe. Nikaangalia nyuma yangu ukutani, halafu mlango wa upande, halafu dirisha moja moja, nikihakikisha hakuna anayesikiliza. Katika nyumba ya Bwana, saa tisa mchana, na kila mahali kuna mwanga.

Sikulitaja. Nilishusha mikono nikafunga kanisa nikaja hapa kuandika.

Kavata amepita sasa hivi nyuma ya kiti changu na kuniwekea chai. Anadhani naandika mahubiri. Huko nje mawingu yameanza kutawanyika bila kutoa hata tone.

Uamuzi wangu haujabadilika. Kesho Mutheu atanikabidhi mwanawe na nitalitaja jina, kwa sauti, Susu akitoka au akikaa. Sauti ninajua itatoka, hiyo ni kazi yangu, imenilisha miaka mingi. Wala siombi tena kuamini kuliko ninavyoamini, muda hautoshi. Ninaomba tu shingo yangu isigeuke, kwa sababu Mutheu atakuwa ananiangalia.